Mbili, Nasema

Sista Ayikoru huja saa nane za usiku.
Viatu vyake vya raba havitoi sauti,
tochi ameielekeza sakafuni
asituamshe sisi ambao hatujalala.
"Sifuri mpaka kumi, Afande. Ngapi?"

"Mbili," nasema.

Mimi Wambede, mtoto wa Bududa,
niliyesimama uani kwa baba, chachu ya mtama usoni,
kisu kikapita na sikupepesa jicho,
shangazi zangu wakapiga vigelegele hadi sauti zikakauka.
Kisha polisi, miaka ishirini na nane: Moroto, Gulu, Busia.
Sasa goti la kushoto wamelitoa, wakatia chuma
na kipande cha plastiki,
na mshono kama zipu ya begi la safari.
Nani atasema nane mbele ya msichana?

Haandiki. Kalamu iko juu ya karatasi, haishuki.
Anautazama mkono wangu
ulivyoukaba ukingo wa kitanda.
"Mdomo umesema mbili.
Vidole vinasema nane.
Niandike ya nani?"

Kiswahili chetu ni cha njiani:
yeye alikiokota sokoni Arua,
mimi nilikipata kambini, kwa amri na matusi.
Kilugbara chake sikijui, Kimasaba changu hakimwingii,
basi tunakutana hapo katikati,
na neno *inauma* tunaligawana
kama wasafiri wawili wenye blanketi moja.

Akaketi. Hawaketi hawa, wana vitanda kumi na tisa,
lakini aliketi.
"Afande, siku ile ya kisu ilikuwa dakika.
Ngoma ilikuwepo, ukoo ulikuwepo.
Hapa hakuna anayekutazama, na hapa ni wiki sita.
Maumivu ni moto wa nyasi.
Niite ukiona moshi, tawi moja la majani litatosha.
Ukingoja ushike paa
utaniita na ndoo, na mimi nitakuwa kitanda cha kumi na moja."

Akapima dawa ile ya maji, ya kijani, chungu,
akaiinua kwenye mwanga wa tochi, jicho moja kalifumba,
kama wapima dhahabu niliokuwa nikiwakamata Busia.
Tone halikuzidi. Tone halikupungua.
Barafu ilitoka kwa mama wa soda ng'ambo ya lango,
friji ya wodi imekufa tangu Jumanne;
akaifunga kwa taulo, akaiweka,
akausogeza mto wangu kutoka chini ya goti
akautia chini ya kisigino.
"Goti likizoea kupinda kwa starehe
halitanyooka kwa dua."

Nikalala. Sijui lini.
Nililala kama mtu aliyekabidhi zamu.

Asubuhi dozi nyingine, kisha tukasubiri nusu saa,
ndipo fremu ya kutembelea ikaletwa.
Hatua ya kwanza nilimwita marehemu mama
kwa jina lake la utotoni, wodi nzima ikasikia.
Hakuna aliyecheka.
Ya pili. Ya tatu, jasho.
Ya nane ikanifikisha dirishani:
Wanale umejitanda ukungu kiunoni,
na chini mtu anafungua duka lake, bati likilia.

"Ngapi, Afande?"
"Saba." Kisha nikaona haitoshi.
"Lakini saba hii inakwenda.
Ile nane ya usiku ilikuwa imekaa tu."

Akaandika yote, maneno yote,
kwenye kijisanduku kilichochorwa kwa tarakimu moja.

"Na wewe, sista?
Mgongo ule unaoushika
ukidhani tumefumba macho?"

Akanyamaza kidogo. Akatazama mlangoni,
kama mtu anayechungulia iwapo bosi yupo.
"Sita," akasema. "Kesho ukiinuka mwenyewe, tano."