Zamu ya Bwawa la Pili

Julai, Kalobe. Ukungu wa Loleza umelala juu ya bwawa
na bwawa limenuna.
Juzi lilikuwa kijani cha mchicha uliochemka,
leo lina weusi kingoni, linanuka
hadi kwa mama Nsajigwa, anayekuja getini
kuniuliza kama nimekufa.

Sijafa, mama. Ni baridi.

Humu ndani kuna biashara isiyo na daftari:
bakteria wanakula tulichokikataa,
wanatoa pumzi nzito; mwani unaipokea,
unaisokota na jua, unarudisha hewa
ili mlaji apate kula tena.
Hakuna pampu. Hakuna mshahara.
Jua likikosa siku tatu, soko linafungwa.

Nami, Ambilikile, ninachoweza
ni kusukuma povu kwa fito ya mlingoti
na kukaza koki, yapungue yanayoshuka:
ya hoteli, ya wodi ya wazazi, ya mahabusu,
na yako pia, mama.
Yamefika saa moja, na maganda ya viazi.

Anacheka, ingawa hakutaka, anaondoka
pua kaifunika kwa upindo wa kitenge.

Saa tano ukungu unapasuka.
Nachovya chupa, naiinua juani:
vumbi la kijani linapanda,
na kiputo, kidogo kama cha soda.
Kimoja.
Halafu kingine.

Nageuka nimwite aje aone.
Keshafika kwake.
Nasikia tu, ndani ya bomba,
maji yakishuka.