Nyoni, Dirisha la Tatu

Nesi aliita mara moja tu, "Nyoni!",
tukasimama watatu.

Hospitali ya mkoa, Dodoma, Jumatatu ya Julai,
upepo umeleta nusu ya vumbi la Nzuguni
mpaka kwenye mabenchi.
Mimi na presha yangu,
mzee mwenye rozari na bahasha ya picha za mbavu,
na dereva wa lori, kijana, macho mekundu ya malaria,
kila mmoja ameshika kadi
kama aliyekuta wenzake wamevaa shati lake.

"Nyoni yupi?"

Mzee akaanza. Gaudensi Nyoni, wa Peramiho.
Kwetu ni ukoo, akasema,
babu wa babu zetu walitoka kusini na mikuki,
wakavuka mito, lugha wakaziangusha njiani,
jina likabaki begani.
Dereva akacheka. Mthabisi, wa Bulawayo,
shaba ya watu imelala Kibaigwa inamngoja.
Kwetu hatukuangusha, akasema kwa Kiswahili cha barabarani,
inyoni ni ndege. Muulize mtoto yeyote.
Nesi, Msukuma wa Maswa, akaweka kalamu chini:
hata sisi. Noni.
Na mwanachuo mmoja, Mrundi, mguu kwenye plasta,
akanyoosha kidole kama yuko darasani: inyoni.
Waswahili wa kale nao walikuwa na nyuni wao
kabla ndege hajamfukuza tunduni,
mpaka akapewa injini.

Wakanigeukia.
Na wewe, mama? Mngoni?

Mimi ni Mgogo wa Kongwa.
Nimekuzwa kwa mlenda na ugali wa uwele,
nimeitikia mbukwa kabla sijajua shikamoo.
Kadi yangu ya ubatizo inasema: Nyemo.
Mama, Sechelela. Baba, Nyoni.
Na penye kazi ya baba, karani ameandika: mgeni.
Kana kwamba ugeni una mshahara.

Kongwa ilizoea wageni.
Kwanza wa karanga, na matrekta
yaliyovunjikia kwenye udongo mgumu.
Kisha vijana wa kambini, wanaojifunza bunduki
ili warudi kwao.
Mama alisema baba ni wa kambini.
Shangazi alisema ni wa karanga, alisahau kuondoka.
Nami nilichagua, kutegemea nimeamkaje.

Hadi mwaka ule mama alipolazwa hapa hapa, wodi ya sita,
akasema, macho darini:

Nilikuwa naamia uwele.
Kwelea wameshuka kama moshi wa tanuri.
Akapita yeye, na mabuti yake.
Nikamuuliza jina, kwa Kigogo, sikuwa na lugha nyingine.
Akatazama kule nilikoelekeza kombeo,
akasema, "Izinyoni."
Mimi nikasikia Nyoni.
Nikamwita hivyo siku zote.
Na aliitika, Nyemo. Aliitika.

Sasa niwaambie nini hawa?
Kwamba jina langu huenda ni jibu
la swali ambalo sikio lake halikulipata?
Kwamba baba huenda alikuwa Dube, au Moyo, au Ndlovu,
na mimi ni binti wa kwelea wa msimu ule,
wezi wa uwele
ambao mpaka leo serikali inawatumia ndege ya dawa?

Mzee Gaudensi tayari anahesabu mababu kwa vidole,
anatafuta tawi la kunituliza.
Mthabisi anaikagua pua yangu.
Mrundi amesahau mguu wake.

"Wa Kongwa," nikasema. "Wa shambani."

Mzee akafikiri ni kijiji.
"Shambani, Shambani," akarudia, "eeh, wapo wetu huko,"
akasogeza bahasha yake ya mbavu
nipate pa kuweka mkoba.

Nesi akanifunga mkanda mkononi,
ukavimba, ukabana, ukashuka taratibu.
"Mia sitini kwa tisini na nane.
Chumvi punguza. Unanisikia, Nyoni?"

Nikaitika.