Najifunza Uta

Mwezi wa kwanza hakunipa mshale.
"Simama," alisema Bi Ok-rye, "kama mtu anayengoja basi
na anajua litakuja."
Miguu yangu, miaka ishirini na sita juu ya pedali za teksi ya Jeonju,
haikujua hata kusimama.

Mwezi wa pili, uta mtupu.
Vuta. Shikilia. Rudisha polepole.
Uta usio na mshale, ukiachiwa, hujivunja wenyewe.
Nikamkumbuka kaka yangu, na simu niliyomkatia.

Pete ya pembe kwenye kidole gumba,
ugwe upite nyuma ya sikio,
bega chini. Chini, Chil-seong, mbona unalivaa kama skafu!
Mkono wa uta usukume mlima,
wa kulia ufunge mlango.
Na ugwe usiuachie:
ngoja ukutoroke,
kama jina la mtu unayemfahamu.

Shabaha iko mita mia na arobaini na tano, ng'ambo ya shamba la vitunguu.
Mshale wangu wa kwanza ulipandwa humo.
Wa pili, ugwe ulinichapa mkono.
Mke wangu aliuliza nimepigana na nani.

Kabla ya kuvuta, kila mtu huinama na kusema:
"Najifunza uta."
Mimi nasema.
Bi Ok-rye naye, umri themanini na mmoja,
hamsini kati ya hiyo akivuta,
anainama, anasema vilevile,
wala hatanii.

Halafu kimya.
Halafu, mbali, kwa kuchelewa,
ubao unaitika: ko.