Tangi la Chini

Wageni wakija kwangu Chumbageni
husimama mbele ya kioo cha juu:
mita mbili za bahari sebuleni,
kitatange na milia yake,
kangaja wawili wanaogombea pango moja.
"Mashallah, Mzee Kilua, umejenga pepo."
Hakuna anayeinama
kufungua kabati,
aone pampu, povu, mwani,
taka zote za hiyo pepo.

Mimi nilianza na la chini.

Mwanakheri alisema, kata simtanki nusu, yatosha.
Lakini simtanki likijaa hutuna tumbo,
halikubali kugawanywa vyumba vitatu:
cha maji kutulia,
cha kukamua povu,
cha pampu,
yapite kwa zamu
kama watu kwenye birika la msikiti, Ijumaa.

Fundi Mhina akapiga hesabu nyuma ya kadi ya harusi:
kioo cha milimita kumi, gundi nyeusi,
siku saba kukauka.
Bei aliitamka akitazama pembeni.

Ndipo akaja kijana na mkokoteni,
juu yake friza la mlalo, jeupe, kutu pembeni.
"La bibi yangu, Barabara ya Kumi na Nne.
Lilikufa zamani, ila bodi nzima.
Wengine wanafugia kambale."
Nikafunua.
Ndani, waa la kahawia
ambalo sabuni ilishindana nalo ikashindwa.

Nilikata umeme wa watu miaka ishirini na saba.
Ngazi begani, koleo kiunoni, orodha mfukoni.
Bi Hadia alitoka na unga wa ngano viganjani:
"Ngoja kidogo, mwanangu,
niwatoe nguru wa biashara,
niwapeleke kwa jirani."
Orodha haikuwa na safu ya kungoja.
Nilikuwa nimeshapanda.

Nikalipima lile friza kwa futi,
urefu, upana, kina.
Linaingia.
Nikamwambia kijana: haliingii.
Nikamlipa pesa ya mkokoteni, kwenda na kurudi.

Mhina akauliza, lita ngapi?
Wote huuliza ngapi zitaingia.
Nikamwambia, niulize ngapi nisizijaze.
Pampu ikilala, maji ya juu hayabaki juu.
Vidole viwili juu ya meno ya kioo,
mita mbili kwa sentimita sabini,
ongeza yaliyomo bombani:
lita hamsini na tano zitashuka
bila hodi,
na lazima zikute mahali pa kulala.

Nikatoboa tundu dogo kwenye bomba la kurudishia,
livute hewa,
maji yasivutane hadi la mwisho.
Nikachora mstari kwa kalamu nyekundu.
Juu ya mstari, kioo kikavu, viganja viwili.
Mwanakheri akaangalia:
"Umelipia kizima, unatumia nusu?"
Sikuwa na jibu fupi.

Alhamisi, saa nane usiku, ukakatika.
Feni ikazunguka kwa mazoea, ikaacha.
Mtaa ukaguna usingizini.
Nikaketi kwenye kigoda na tochi,
mlango wa kabati wazi.

Kule juu maji yalidondoka jino kwa jino.
Huku chini yakapita mstari mwekundu,
yakapanda,
mimi nikiwa nimekunja mikono magotini
kama mtu aliyeitwa ofisini,
yakapanda.

Kidole kimoja kabla ya ukingo
yakasimama.

Sakafu kavu. Mkeka mkavu.
Kimya ambacho nilikiuza kwa watu miaka yote ile
na sikuwahi kukaa ndani yake.

Jikoni, friji letu likaanza kutona.
Mna vipande vinne vya nguru.
Sikwenda kufungua.