Sori ya Ngazini

Darasa letu liko ghorofa ya nne
juu ya duka la nywele za bandia, pale Ronald Ngala.
Ukichelewa, unapanda ukitazamwa na vichwa vya plastiki
kama wasimamizi wa mtihani wasio na macho.

Mwalimu Apondi anabonyeza redio yake ndogo.
Kijana wa Leeds, miaka kumi na minane,
anasema amehama kwao. Ana chumba, ana birika,
ana mkate wa kuchoma na paka wa jirani.
Anasema mvua.
Anasema mvua tena.

"Swali la kwanza: kijana huyu anajisikiaje?"
Getachew akanyosha mkono: Nani amemfukuza?
Hodan naye: Mama yake yu hai?
Tukabishana nusu saa juu ya mama wa mtu
ambaye kitabuni hakupewa hata jina.
Jibu sahihi lilikuwa *b*. Ana furaha.

Mimi nimetoka Bukavu. Kiswahili changu
kinachekwa sokoni; nikiuliza bei kwa franga
muuza sukuma ananiuliza nimeshuka na parachuti ipi.
Basi nasoma lugha mbili kwa karo ya moja,
na Kifaransa nimekikunja sandukuni
chini ya sweta ya shule.

Nimejifunza kwamba chai ni kinywaji na pia ni mlo wa jioni.
Kwamba "si mbaya" maana yake ni nzuri mno,
na "hilo linavutia" maana yake ni hapana.
Kwamba wakikuuliza hali, usiwape hali.
Na ukurasa wa kumi na tisa: sori ni mali ya mkosaji.
Umemkanyaga mtu, sema sori.
Hukumkanyaga, nyamaza.
Nikapiga mstari kwa kalamu nyekundu.

Alhamisi stima ikapotea nikiwa ghorofa ya tatu.
Mguu ulitafuta ngazi, ukakuta hewa.
Daftari huku, kiatu kule, goti kwenye saruji,
na giza lote likasema sori.
Sori, mwenye duka, mdomo umejaa pini.
Sori, bawabu Kiprono, kutoka chini kabisa.
Sori sana, sista, mvulana mwenye nyaya masikioni
ambaye hakunigusa hata kwa kivuli,
maana kivuli chenyewe hakikuwepo.
Na mmoja zaidi, juu huko, mpaka leo simjui.

Nani kati yao alinikosea?

Nilikaa pale pale, goti likivuja, nikacheka
mpaka Kiprono akaja na tochi kuona kama ni kichwa kimeumia.
Sikuweza kumweleza. Ningeanzia wapi?
Kwamba neno lilikuja kwa meli, limevaa kofia ngumu,
likafika likamkuta Pole amekaa kitini?
Kwamba Pole alisogea kidogo, akalipa nafasi,
akalipa uji, halafu kazi?
Nilimwambia niko sawa.
Aliokota kiatu, akakipangusa kwa mkono wa koti.

Ijumaa, mtihani wa kuzungumza.
Dirisha wazi, honi, harufu ya mahindi ya kuchoma.
"Dakika mbili," akasema Mwalimu Apondi. "Tueleze nyumbani kwenu."
Nikauliza: kwa wakati uliopo, au uliopita?

Swali la kawaida. Alama nne ziko hapo.
Lakini aliitazama kalamu yake, akaifunga, akaifungua.
"Sori," akasema,
na sikumuuliza ni ya ukurasa gani.

Nikachagua wakati uliopo.
Nyumba yetu ina mlango wa kijani, nikasema kwa Kiingereza,
polepole, kila neno kwenye ngazi yake.
Msimu wa mvua unavimba, haufunguki.
Unausukuma kwa bega.
Baba anasema: tena.