Upande wa Sikio Bovu

Mikindani, mwezi wa kumi, korosho zimeanza.
Mama anabangua juu ya gunia,
vidole vyeusi kwa mafuta ya maganda,
nami nasahihisha madaftari ya kidato cha pili.
Swali la nne: Mamluki ni nani?
Arobaini na mmoja wameandika: mtumwa mwenye farasi.
Mchopa peke yake kaandika: Sijui, ila namwonea huruma.
Nimempa sifuri.

"Nihadithie huyo mwenye farasi," mama akasema.

Basi nikamtunga hapo hapo, nikamwita Tughani,
kwa vipande vya wengi waliopata kuishi.
Mtoto wa nyika za Waturuki, kwenye baridi ya kupasua mawe.
Mama yake alimfuma mkanda wa sufi.
Wakaja watu. Mkanda ukabaki, mtoto akaenda.
Sokoni wakamfumbua kinywa, wakamhesabu meno:
dinari sitini.
Siku ya tatu akarudishwa,
sikio la kushoto halisikii.
Akauzwa upya kwa thelathini.

"Daraja la pili," mama akasema,
akatupa yenye doa kwenye ungo wa pembeni.

Akapewa upinde. Akapewa dini.
Akapewa jina, na jina lilikuwa la aliyemnunua.
Vitani lile sikio likawa neema:
wenziwe walipopiga kelele *tukimbie*
walikuwa kushotoni kwake.
Akabaki peke yake na mishale yake.
Wakamwita shujaa. Pengine alikuwa.
Akawa mlinda mlango, akawa amiri,
halafu usiku mmoja bwana wake hakuamka.

"Hakuamka, au hakuachwa aamke?"

Sijui, mama.
Ninachojua, kulipokucha
dinari thelathini zilikuwa zimekaa kwenye kiti cha enzi.

Mama akaliacha jiwe hewani.
Bibi mzaa bibi yake aliletwa kutoka ng'ambo ya Ruvuma,
akanunuliwa hapa hapa, hatua chache kutoka tunapokaa,
pale wageni wanapopigia picha.
Bei yake kaniki: doti mbili na upande.
Jina hatukuachiwa. Tumeachiwa huo upande;
mpaka leo ikiingia kaniki ndani ya nyumba
mama hutoka, husema anakwenda kuangalia kuku.
Kuku hatuna.

"Haya. Huyo mfalme wenu,
alipoketi, soko alilifunga?"

Nilitaka kudanganya.
Hadithi ni yangu, kalamu nyekundu iko mkononi mwangu,
nani angenizuia?
Lakini waliokuwa kama yeye, najua walichofanya.

"Hakulifunga.
Alituma watu kule kule kwao, nyikani,
wakamletee wavulana.
Wazuri. Wenye masikio mawili."

"Mama zao?"

"Walikuja mpaka uani kwake, wakalia."

"Upande gani?"

Sikumwelewa.
Kisha nikamwelewa.

"Wa kushoto."

Akanyoosha mkono kwenye ungo wa pembeni,
akaichagua ile yenye doa, akaila,
akatafuna polepole kama mtu anayehesabu.
Nami nikamrudia Mchopa.
Sifuri yake, wino ulikuwa umeshakauka.