Mkebe wa Biskuti

Dundee, Jumamosi, mvua inakuja kwa ubavu.
Ukumbi wa kanisa tumeukodi saa tatu
na moja tayari imeliwa na projekta iliyogoma.

Mimi ndiye katibu. Naandika:
Waliohudhuria, themanini na mmoja.
Waliotoa udhuru, kumi na wanne,
tisa wako zamu,
mmoja kalazwa wodini kwake mwenyewe.

Ailsa Geddes anasimama, mkono juu ya kiti.
Miaka kumi na tisa mwenyekiti wetu,
wauguzi wa figo, watu wa mashine,
tunaopima maji ya mwili kama muuza dhahabu,
tunaojua mjukuu wa kila mgonjwa kaota meno mangapi,
maana mara tatu kwa wiki, saa nne kila mara,
hana pa kukimbilia,
nasi hatuna.

Tulianza sita, anasema, jikoni kwangu Lochee.
Chama hakina jina, hakina akaunti,
kina mkebe wa biskuti
wenye ng'ombe mwekundu, nywele zimemfunika macho.
Ndani stakabadhi, pauni arobaini,
na majina sita kwa kalamu ya risasi.

Leo tu mia tatu na kumi.
Aberdeen wameingia, Inverness wameingia,
Orkney ina mwanachama mmoja, yuko kwenye skrini,
uso wake unaganda kila upepo ukivuma huko kwao.
Wametoka Kerala, wametoka Iloilo, wametoka Bulawayo.
Mimi nimetoka Muheza na koti lisilofaa.

Zamani, ananong'ona Senga Rattray nyuma yangu,
tulijua nani anakunywa chai bila sukari.
Sasa tuna kamati,
na kamati imezaa kamati.
Siandiki hilo.

Wahenga walisema hakuna marefu yasiyo na ncha.
Hawakusema ncha ikifika inashikwaje.

Wagombea wawili. Fergus Tulloch anataka tutulie,
tuhesabu tulichonacho kwanza.
Divina Macaraeg anataka wasaidizi wa wodi waingie,
wale wanaofunga bandeji na kufuta matapishi
bila herufi zozote nyuma ya majina yao.
Mtu anakohoa. Mtu mwingine anapiga makofi mapema mno.

Tunahesabu kwenye meza ya mapaja ya nguo za mitumba.
Divina, arobaini na mbili.
Fergus, thelathini na nane.
Iliyoharibika, moja:
mtu ameandika *Ailsa* na kupiga mstari chini yake mara mbili.
Mwandiko ule naufahamu.
Ndio huu.

Kwa maana mwaka wangu wa kwanza, usiku,
nikiogopa sindano kuliko mgonjwa anavyoiogopa,
alinishika kidole akakiweka mkononi mwa mzee mmoja,
pale mshipa ulipoungwa na mshipa mwenzake.
Chini ya ngozi kulikuwa na mngurumo,
kama paka amelala ndani ya ukuta.
Ukiusikia huo, alisema, mlango uko wazi.
Ukinyamaza, kimbia kaite daktari.

Sasa anamkabidhi Divina mkebe.
Vidole vyake vinachelewa kidogo kuachia,
Divina havuti, anangoja.
Wote wawili wameushika, ng'ombe katikati yao,
na ukumbi wote umesahau kupumua.
Kisha kifuniko kinachomoka,
stakabadhi zinamwagika sakafuni,
na mwenyekiti mpya na mwenyekiti wa zamani
wako magotini, wanaokota, wanacheka,
Fergus naye chini ya meza anafukuzia risiti ya mwaka 2006:
maziwa, katoni mbili.

Naweka kiganja juu ya meza.
Viti vinaburutwa, vikombe vinagongana,
Orkney ameganduka, anauliza nani kashinda.
Nasikiliza kwa kidole.
Unanguruma.

Mengineyo:
Nani atarudisha ufunguo wa ukumbi.
Haikuamuliwa.
Uko mfukoni mwangu.